Fahamu: Fidia ya dawa za afyuni Marekani na familia zilizoumia

Kaunti na miji mingi ya Marekani inagawa fidia kutoka kwa kampuni zilizotengeneza na kusambaza dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni. Makubaliano makubwa ya mwaka 2021 ni ya dola bilioni 26: Johnson & Johnson bilioni 5, wasambazaji watatu bilioni 21 kwa miaka 18. Angalau asilimia 85 lazima itumike kukabiliana na janga la uraibu wa dawa hizo. Matumizi yanayoruhusiwa ni pamoja na tiba ya uraibu na msaada kwa watoto na jamaa walioathirika. Babu na bibi wengi wanalea wajukuu walioachwa kwa sababu ya uraibu huo; hawa wasisahaulike. Kuna funzo la nyuma: sehemu kubwa ya fidia ya kampuni za tumbaku ya 1998 iliishia kuziba mapengo ya bajeti. Ili hilo lisijirudie, wakazi wahudhurie vikao vya kaunti, waulize fedha hizi zinatumikaje.