Kabla ya kukata utepe Bukoba

Kwenye taarifa za utekelezaji, mradi wa kifaa tiba hukamilika siku ya kukata utepe. Kwa mgonjwa, hesabu huanza baadaye, pale anapoambiwa mashine ni mbovu, inasubiri kipuri. Ndiyo maana ahadi ya skana za MRI zenye sumaku ya nguvu ndogo, kwamba zitafikisha kipimo hiki mikoani, yafaa ipimwe kwa macho ya mtu wa Bukoba na Muleba.

Jirani zetu wa Mbarara wana la kutufunza. Mwaka 2022, vipande vya skana ya militesla 50 vilisafirishwa kwa ndege kutoka Uholanzi hadi Uganda, pamoja na zana za kuviunganisha. Wakufunzi wanne na watu sita wasio na uzoefu wa kazi hiyo walipanga sumaku pete kwa pete, zote 23. Tangu mzigo kufika hadi picha ya kwanza kuonekana zilipita takriban siku 11. Faida kubwa ni kwamba wenyeji walibaki wakijua kilichomo ndani.

Hata hivyo, nguvu ya sumaku hiyo ni ndogo mara 30 kuliko tesla 1.5 ya MRI nyingi za hospitali kubwa. Inafaa kwa ubongo wa mtoto mwenye kichwa maji, kwa sababu ubongo hutulia. Moyo hautulii. Picha ikichukua dakika tano, moyo umeshadunda mara mia tatu na zaidi.

Kwa moyo, njia iliyoonesha matumaini ni ya kati. Mwaka 2019 watafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani walionesha kuwa tesla 0.55 inaweza kutoa picha nzuri za moyo. Siemens baadaye ikatoa mashine ya kiwango hicho inayotumia heliamu lita 0.7 tu, wakati za kawaida hubeba zaidi ya lita elfu moja. Lakini bado ni mzigo wa tani zaidi ya tatu, unaotaka chumba chenye kinga na umeme usioyumba. Kagera, mkoa ambao kwa miaka mingi ulitegemea umeme wa Uganda, haihitaji kuelezwa maana ya umeme kuyumba.

Haja ya kipimo ipo. Ugonjwa wa kukakamaa kwa utando wa ndani ya moyo ulielezwa Kampala na J.N.P. Davies mwaka 1948, na MRI huonesha kovu lake vizuri. Ila mgonjwa wa kisiwa cha Bumbire huvuka ziwa kwanza, kisha atafute hospitali kama Rubya au Ndolage. Huko anachohitaji mwanzo ni ECHO, mashine inayobebeka ya kupima moyo kwa mawimbi ya sauti, na mtu anayejua kuisoma. Wataalamu wa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete huifikisha mikoani kwa tiba mkoba. Wakiondoka, lazima abaki mwenyeji wa kuendeleza.

Basi madiwani na wabunge wa Kagera, siku mpango wa skana ya moyo utakapoletwa mezani, ulizeni mambo matatu: nani ataitengeneza, kipuri kitatoka wapi, na fedha za matengenezo zimo kwenye bajeti ya mwaka gani. Majibu yasipokuwemo kwenye mkataba, msiupitishe.