Kipimo cha Kala-azar Kinachosubiri Mnunuzi

Kipimo cha haraka cha kala-azar, ugonjwa wa kimelea, kinachotegemewa katika kaunti za Wajir na Mandera ni kijikaratasi tu: tone la damu, dakika chache, jibu. Husaka kingamwili dhidi ya protini iitwayo rK39. India kimefanya kazi nzuri sana. Afrika Mashariki, kipimo hicho huwakosa wagonjwa wengi zaidi. Anayeathirika zaidi ni aliyewahi kutibiwa, kwa kuwa kingamwili hubaki damuni muda mrefu baada ya kupona. Homa ikimrudia, daktari hana budi kumdunga sindano ya bandama, kazi ya hatari pasipo na damu ya akiba.

Njia ya kutokea ilionekana kwenye mkojo. Mwaka 2012 watafiti wa Forsyth Institute, Marekani, walichapisha matokeo ya kuchambua mkojo wa wagonjwa kwa spektrometa ya masi, mashine inayopima uzito wa vipande vya protini, kisha uzito huo hulinganishwa na unaotarajiwa kutokana na jeni za kimelea. Walichokuta ni protini za kimelea chenyewe, si kumbukumbu ya mwili kuhusu vita vilivyopita. Mwaka 2020 ilichapishwa tathmini ya kipimo cha mkojo kinachosaka protini sita za kimelea, na mkojo wa wagonjwa wa Kenya ulikuwa miongoni mwa sampuli.

Mashine hiyo hugharimu mamia ya maelfu ya dola, lakini Garissa haihitaji kuwa nayo. Kazi yake ni kuvumbua. Kinachopaswa kufika zahanati ni kijikaratasi cha mkojo cha bei nafuu. Hapo ndipo biashara inapokwama. Mara nyingi mgonjwa ni mfugaji asiye na bima, na ugonjwa huja kwa mikurupuko: kati ya Mei 2000 na Agosti 2001 wagonjwa 904 walipatikana kaskazini mashariki mwa Kenya, Somalia na kusini mashariki mwa Ethiopia. Kiwanda hakipangi uzalishaji kwa kutegemea mlipuko. Hata AmBisome, dawa ya kutibu kala-azar, hufika kwa msaada wa kampuni ya Gilead kupitia Shirika la Afya Duniani.

Kwa maoni yangu, kaunti moja haiwezi kuunda soko hili. Januari 2023 nchi za kanda zilikutana Nairobi kupanga kutokomeza kala-azar. Mpango huo ungekuwa na uzito zaidi kama ungeambatana na oda ya pamoja ya kipimo cha mkojo ya miaka kadhaa, inayowahesabu pia waliokwisha kumaliza siku 17 za sindano za matibabu, maana wao ndio ambao kijikaratasi cha sasa hakiwafai.