Ndoo Inapokosa Kivuli

Ua wangu hapa Kariakoo hauzidi upana wa magodoro mawili, na ghorofa zimeuzunguka. Humo nimepanga ndoo za rangi zilizotobolewa chini, viroba vya mchele na beseni bovu: mchicha, matembele, bamia, pilipili mbuzi, mrehani. Anayesema Dar es Salaam haina majira hajawahi kulima uani.

Kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, usiku joto hushuka mpaka nyuzi 18 au 19, na mrehani hudumaa. Ila baridi hiyo mmea huivumilia. Kinachoutesa ni kivuli. Mji wetu uko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi Juni jua la mchana hupita upande wa kaskazini, nyuzi kama 60 tu kutoka upeo wa macho. Ghorofa lililo kaskazini mwa ua hulikinga lote. Mchicha ukiota humo hurefuka shingo, shina jembamba, majani yamepauka, umeinamia mwanga kama mtu anayechungulia dirishani. Wengi wakiuona hivyo huuongezea samadi. Nawasihi wasifanye hivyo. Jani hutengeneza chakula kwa mwanga, na udongo ulioshiba mbolea gizani huishia kuunguza mizizi.

Subirini jua lihame. Kila siku husogea kusini kidogo, hata ikifika tarehe 10 Oktoba hivi, saa sita na dakika kama kumi mchana, linasimama utosini kabisa na ndoo inakosa kivuli. Baada ya hapo hupita upande wa kusini mpaka mwanzoni mwa Machi, na pembe za ua zilizokuwa giza zinapata mwanga. Wazee wa pwani walihesabu siku kwa miongo, kumi kumi, kuanzia Nairuzi, ule mwaka ambao Makunduchi bado wanausherehekea kila Julai kwa Mwaka Kogwa. Hesabu miongo minane tangu sherehe ile: unaangukia karibu na siku ya ndoo kukosa kivuli. Kila nikiihesabu nawaheshimu upya.

Wakati huo kusi imelegea, kaskazi haijashika. Ndiyo tanga mbili. Joto linapanda, hewa inatulia, na vidukari wanajazana chini ya majani ya bamia. Geuza jani kila asubuhi, wafute kwa maji ya sabuni kidogo kabla hawajazaana.

Tazama pia uso wa udongo. Maji ya visima vingi vya mjini yana chumvi. Tukimwagilia miezi yote ya kiangazi, maji hupaa na upepo, chumvi hubaki, ikaacha ukoko mweupe juu ya ndoo. Mbegu ikitiwa hapo hushindwa kuvuta maji, kwani chumvi huyang'ang'ania. Ndiyo maana wingu la kwanza likitanda, watu wakikimbilia maduka ya mbegu jirani na soko, mimi nakaa. Nakwangua ukoko, nahakikisha matundu ya chini hayajaziba, kisha naiacha mvua iishushe chumvi mpaka itoke chini. Maji ya bati nayo siyakingi siku ya kwanza. Yamebeba vumbi na vinyesi vya kunguru.

"Shikamoo mama, mbona hujapanda? Vuli hiyo!" kijana wa chumba cha jirani aliniuliza mwaka jana.

"Marahaba mwanangu. Mvua moja bado si vuli."

Mvua ya tatu ilinyesha usiku. Asubuhi nikachanganya mbegu za mchicha na mchanga mkavu, maana ni ndogo mno na mkono huzirundika, nikazinyunyiza na kuzifunika kwa udongo mwembamba kama chumvi kwenye embe bichi. Siku ya tano zilikuwa zimechomoza, mashina mafupi, yamesimama wima.