Je, Wajua? Maarifa Nayo Yana Mkurugenzi

Je, wajua kwamba…

• Cheo cha mkurugenzi wa maarifa bado ni kichanga? Mwaka 1991 Skandia, kampuni ya bima ya Sweden, ilimkabidhi Leif Edvinsson kazi ya kusimamia mtaji wa maarifa. Anatajwa kuwa wa kwanza duniani.

• Mkuu wa maarifa si mtu wa masjala? Masjala hutunza kilichoandikwa. Yeye huwinda kile ambacho mwenye nacho hajawahi kukiandika, na pengine hata hajui kwamba anakijua.

• Hata dola kubwa husahau? Marekani ilipotaka kutengeneza upya Fogbank, malighafi ya siri ya silaha zake za nyuklia, ilikuta kumbukumbu ni chache na karibu wataalamu wote wameshastaafu au kuondoka. Ripoti ya wakaguzi ya 2009 ilitaja mwaka mmoja wa kuchelewa na dola milioni 69 za ziada. Penye wazee haliharibiki neno. Hapo wazee walikuwa wameshaagwa.

• Mashine ya mkate iliwahi kuhitaji mwalimu? Mwaka 1985 kampuni ya Matsushita ya Japani ilishindwa kuunda mashine inayokanda unga sawasawa. Hata picha za eksirei za kinyunga hazikusaidia. Mtaalamu wa programu, Ikuko Tanaka, akaenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa hoteli moja ya Osaka. Akagundua siri: yule bwana hakuunyoosha unga tu, aliusokota pia.

• Mafundi wa fotokopi wa Xerox walijifunza mengi mezani? Mwanaanthropolojia Julian Orr aliandamana nao, akaona hitilafu zilizoushinda mwongozo zikitatuliwa kwa visa walivyosimuliana wakila. Baadaye kampuni ilianzisha Eureka, hazina ya mbinu zao, kila mbinu ikiwa na jina la fundi wake.

• Kisa kimoja cha Zambia kilitikisa Benki ya Dunia? Mwaka 1995 mhudumu wa afya wa Kamana alipata mtandaoni jibu kuhusu tiba ya malaria, kutoka kituo cha udhibiti wa magonjwa cha Atlanta, Marekani. Stephen Denning, mfanyakazi wa benki hiyo, alikitumia kisa hicho kuwaonyesha wakubwa wake kwamba benki, pamoja na ujuzi wake wote, haikuonekana humo. Mwaka 1996 rais wake, James Wolfensohn, alitangaza kwamba itakuwa pia benki ya maarifa.

• Jeshi la Marekani hukaa kitako baada ya zoezi na kujiuliza maswali manne? Tulipanga nini? Kimetokea nini? Kwa nini? Safari ijayo tufanyeje? Mashirika mengi ya kiraia yameiga.

• Kipimo cha nani ana maarifa yasiyoandikwa unacho hapo hapo ofisini? Tazama ni nani akiwa likizo simu yake haiachi kuita. Kwa huyo ndipo mkuu wa maarifa angeanzia kazi.