Maneno ya miaka elfu mbili yameimbwa tena

Ndugu wachimbaji, na ninyi wamama munaosikiliza mulango wakati watu wa kazi ya usiku hawajarudi, leo tunaacha kidogo mambo ya mushahara. Tunaenda India ya kusini, kwa Watamil.

Karibu miaka 2000 iliyopita, washairi wao, wanaume na wanawake, walitunga mashairi yanayoitwa leo Sangam. Kwao kila inchi ilikuwa na huzuni ao furaha yake. Mulimani wapendanao wanakutana. Porini muke anangoja kwa uvumilivu. Kwenye mashamba kuko ugomvi wa nyumba. Pwani kuko mahangaiko. Na inchi kavu ni ya kuachana: mwanaume anaipita kwenda kutafuta mali, muke anabaki kuhesabu siku. Nani katika kambi zetu hajui habari hiyo?

Mashairi yaliandikwa juu ya majani ya muvumo, muti wa jamii ya ngazi. Wadudu wanakula majani, basi ilipasa kuyanakili tena na tena. Mwalimu mumoja, U. V. Swaminatha Iyer, alizunguka vijiji akitafuta majani yaliyobaki. Katika mwaka 1894 alichapisha Purananuru, mashairi ya wafalme, vita na kifo. Maneno yakapona. Lakini Kitamil cha zamani si kile cha sokoni leo. Bila mwalimu, mutu anashindwa mapema.

Hapo wanamuziki waliingia. Katika filamu Iruvar ya 1997, A. R. Rahman alitengeneza muziki, na Vairamuthu akaandika wimbo Narumugaye, wenye kuchota maneno na picha katika mashairi hayo. Moja ya mashairi yale linafananisha mioyo miwili na mvua na udongo mwekundu. Sisi tunaofua kila siku nguo zenye udongo mwekundu, tunaelewa mara moja: ukisha kuchanganyika, nani atautenga na maji?

Kisha Rajan Somasundaram, Mutamil anayeishi North Carolina, Marekani, alifanya kazi ingine. Katika 2020 alitoa albamu Sandham, pamoja na Durham Symphony. Ile si orkestra ya rumba. Ni ya violini na tarumbeta nyingi. Bombay Jayashri ni mumoja wa waimbaji. Yeye hakuchota picha tu. Alitwaa mashairi yenyewe. Mbele ya hapo, katika 2019, muziki wake wa shairi la Kaniyan Poongunranar, lenye kufundisha kwamba hakuna mutu wa kuitwa mugeni, uliimbwa Chicago katika mukutano wa Watamil wa dunia.

Kazi hiyo si nyepesi. Sauti walizoimba watu wa zamani hazikubaki. Ni maneno tu yalibaki. Shairi fupi halina kiitikio, lakini sikio la leo linakitaka. Basi mutunzi anachagua neno gani lirudiliwe, na sauti ifuate silabi ndefu na fupi bila kuzivunja. Mutu atauliza: kuimba maneno ambayo wengi hawaelewi kuko na faida gani? Sisi tunajibu: mutoto anaimba kwanza, kiisha anauliza mama yake maana. Akiuliza, neno limepata kwa kukaa.

Juu ya nini sendika inasema haya? Mwaka jana tulizika mzee mumoja wa kambi yetu. Alijua nyimbo ambazo baba zetu waliimba wakisukuma wagoni. Siku ya matanga tulitaka kuimba moja. Tulijua mustari wa kwanza, kisha tukanyamaza. Kila mumoja wetu alikuwa na telefone mufukoni, na hakuna aliyekuwa amerekodi hata moja.

Watamil walitafuta majani yao kijiji kwa kijiji. Sisi wazee wetu wanakaa nyumba ya pili. Siku ya Yenga, nyuma ya mukutano, kila mumoja alete mzee mumoja. Viti viko. Telefone ziwe na moto.