Kiongozi wa Darubini kwa Mwenye Fedha Haba

Dunia hujizungusha mara moja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4, na kwa sababu hiyo nyota iliyo juu ya ikweta ya mbingu huonekana kwenda takriban sekunde 15 za pembe katika kila sekunde moja ya saa. Kwa kamera yenye pikseli za mikroni 4.3, iliyofungwa nyuma ya darubini yenye fokasi ya milimita 400, mwendo huo ni pikseli saba hivi kila sekunde. Ndiyo maana apigaye picha za nyota huiweka darubini juu ya kitako chenye mota, ambacho mhimili wake mmoja huelekezwa kwenye ncha ya mbingu, nacho hugeuka polepole kinyume cha mzunguko wa dunia ili nyota ibaki mahali pake muda wote kamera inapokusanya nuru.

Walakini kitako cha bei nafuu hakigeuki kwa mwendo ulio sawa. Ndani yake mna parafujo isukumayo gurudumu la meno, na taksiri ndogo iliyomo katika parafujo hiyo hujirudia kila imalizapo mzunguko: gurudumu likiwa na meno 144, ni kila baada ya dakika 10 hivi, na nyota huweza kupelekwa mbele na nyuma kwa sekunde 30 za pembe au zaidi, ilhali picha haistahimili zaidi ya mbili au tatu. Edward Emerson Barnard, alipokuwa akipiga picha za Njia Nyeupe katika Lick Observatory, California, mwishoni mwa karne ya 19, aliitibu ila hiyo kwa jicho lake mwenyewe, akiikazia macho nyota moja kwa saa nyingi na kuirudisha darubini kwa mkono.

Leo kazi ya Barnard hufanywa na kidarubini kilichofungwa juu ya darubini kubwa, chenye lenzi ya milimita 30 na fokasi ya milimita 120, kamera ndogo isiyo ya rangi, kompyuta kuukuu, na programu iitwayo PHD2, ambayo hutolewa bure. Kamera huipiga picha nyota kiongozi kila sekunde mbili au tatu, programu hupima kitovu cha nuru yake, na kikihama, amri hupelekwa kwenye mota kwa waya. Yamkini msomaji atauliza: ikiwa pikseli moja ya kamera hiyo, yenye upana wa mikroni 3.75, hufunika sekunde 6.4 za pembe, itatambuaje kosa la sekunde moja? Jawabu ni kwamba nuru ya nyota huenea juu ya pikseli kadhaa, na programu, kwa kulinganisha kiasi kilichoangukia kila moja, hukadiria kitovu hata kwa sehemu ndogo ya pikseli. Kwa hiyo hakuna haja ya kununua kidarubini kikubwa.

Fedha iliyobaki na itumike katika uimara. Aghalabu grafu ya programu huonyesha mstari ulionyooka, na hata hivyo nyota za picha hutoka ndefu kama punje za mchele. Sababu ni kwamba kidarubini kimeshikwa na skrubu zenye ncha za plastiki ambazo hulegea kadiri uzito unavyohama, au waya unaoning'inia unakivuta, kikawa hakitazami tena pale darubini kubwa inapotazama. Pete za chuma na waya uliofungwa vema huondoa balaa hilo.

Jambo lililo zito kupita yote, hasa kwa sisi wa Afrika Mashariki, ni ncha ya mbingu. Kiongozi, yaani kidarubini na programu yake, huishika nyota moja tu. Mhimili ukiwa umekosea ncha, nyota nyingine zote huizunguka hiyo moja, na pembe za picha huharibika. Dar es Salaam ncha ya kusini ya mbingu iko nyuzi 7 hivi juu ya upeo wa macho, na Nairobi ni kama nyuzi moja tu. Sigma Octantis, nyota hafifu iliyo karibu nayo, humezwa na ukungu na taa za mji. Tena vitako vingi haviinamishiki kiasi hicho, na ufito wa uzani hugonga mguu. Dawa ni kuufupisha mguu wa upande wa kusini, kwa hadhari kitako kisipinduke, maana si lazima kisimame sawasawa. Kisha ncha hutafutwa pasipo kuonekana: huangaliwa kwanza nyota iliyo juu kabisa, karibu na ikweta ya mbingu, na ikielea kwenda kaskazini au kusini, mhimili hugeuzwa kushoto au kulia mpaka ielee kidogo mno; halafu nyota iliyo chini upande wa mashariki au magharibi, na kwa hiyo husahihishwa kimo cha mhimili. PHD2 ina chombo cha kazi hiyo hiyo. Hata nusu saa ikiishia hapo, mtu asiione hasara, kwani ncha ikishapatikana na programu ikafundishwa mwendo wa mota kwa nyota iliyo karibu na ikweta ya mbingu, picha iliyokuwa ikiharibika kwa sekunde 60 huweza kuachwa wazi kwa dakika tano.