Trier, Mji wa Mpakani Uliokaliwa na Makaisari

Ukishuka stesheni ya Trier, magharibi mwa Ujerumani, huendi mbali kabla ya kuliona lango la Porta Nigra, jeusi kwa umri. Mawe yake hayakushikanishwa kwa chokaa bali kwa vyuma, na matundu ya waliokuja baadaye kuvichokoa vyuma hivyo yanaonekana hadi leo.

Wasomaji wetu huujua mji huu kwa kuwa Karl Marx alizaliwa hapo mwaka 1818. Zamani ulikaliwa na wakubwa wa aina nyingine. Mwaka 293, dola ya Rumi ikiwa na watawala wanne kwa pamoja, Constantius alipewa upande wa Galia naye akaweka makao Trier. Mpaka ulikuwa mto Rhine, kama kilomita 100 hivi kutoka mjini, na Wafranki wa ng'ambo hawakuchoka kuvuka. Huko ndiko jeshi lilikopiga kambi, na askari wasiomwona kaisari hawakawii kujitawazia wa kwao. Ilibidi kaisari awe karibu nao, pamoja na kiwanda cha kupiga sarafu za kuwalipia.

Mwana wa Constantius, Constantinus, alijenga ukumbi wa enzi wenye urefu wa mita 67 na kimo cha mita 33, sakafu ikipashwa kwa hewa ya moto iliyopita chini yake. Mjumbe aliyeuvuka wote hadi kitini nadhani alifika amekwisha kunywea. Siku hizi Waprotestanti husali humo.

Hata hivyo ukaribu haukuzuia uasi. Mwaka 383 majeshi ya Uingereza yalimtawaza Magnus Maximus. Kaisari Gratianus akauawa, na mwasi akakaa Trier kama kaisari halali. Hapo, mwaka 385, Askofu Priscillianus alihukumiwa kifo, Mkristo akiuawa na serikali ya Wakristo, ingawa Askofu Martinus wa Tours alisihi asiuawe.

Maximus alianguka mwaka 388. Baadaye makao ya utawala wa Galia yakahamishiwa Arles, kusini, na Wafranki wakaupora mji mara kadhaa. Kasisi Salvianus aliwashutumu wakuu walionusurika kwa kumwomba kaisari michezo ya farasi. Mimi siwaoni wapumbavu kiasi hicho: uwanja wa farasi ndipo raia walipokutana na kaisari wao, na huenda walichokuwa wakiomba ni arudi.